Kibwebwe cha Mama

Baba alishaapa: siku mama atakapokata kiuno tena, atakivunja. Na baba yangu hakuwa mtu wa maneno matupu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda mama kwa maji ya moto, mbavu zake nazijua moja moja.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za mchele, mtaani kwetu Ng'ambo. Nilikuwa nimevunja ungo, nimewekwa ndani, na somo yangu, bibi mwenye sauti ya kukwaruza, amekuja kunicheza unyago. Kwetu, mama mzazi ndiye hukata kiuno kwanza, amrithishe mwari. Asipokata, mwari hutoka mtupu.

Wanaume wakisikia kiuno huwaza kitanda tu, laana yao. Mimi nilimwona mama zamani, kabla ya kiapo. Alitia udhu, akajifunga kibwebwe, akasema bismillahi, akafumba macho, kiuno kikaanza polepole, jasho likimtoka na machozi pamoja. Alikuwa amezika watoto watatu na hakuwalilia kwa mdomo hata siku moja. Aliniambia ulimi unaweza kusema uongo mbele ya Mungu, kiuno hakiwezi. Nilimwamini, na namwamini mpaka leo.

Basi siku yangu ikafika. Baada ya alasiri wanawake walijaa uani, mlango umetiwa komeo, somo kaupanda msondo, ngoma ile ndefu ya gogo, anaupiga. Mama alijifunga kibwebwe chake chekundu. Hajainua kisigino, mlango ukaanguka.

Baba aliingia na panga. Ngomani humo mwanamume haingii, hata kichaa anajua. Wanawake walijitanda kanga, wakarudi ukutani. Baba alimsukuma somo kwa mguu, bibi wa watu akaangukia kizingiti, mdomo ukapasuka. Kisha akauendea msondo. Pigo la kwanza lilichana ngozi.

Somo alitema damu. Akasema, "Kata."

Baba, kwa ujinga wake, alidhani anachokozwa yeye. Akakata. Wanawake wote wakaitikia, kata, naye akazidi kulipiga gogo, ta, ta, ta, vipande vinaruka, mkono wake umeshika mdundo wenyewe bila kujua. Na nyuma yake mama alikuwa anacheza. Kafumba macho.

Akili ilimjia baba alipogeuka kufuta jasho. Alimpiga mama ubapa wa panga nyongani, kwa nguvu zake zote. Nilisikia mfupa. Mungu anisamehe, nilitamani panga lile liwe mkononi mwangu.

Mama alianguka. Nikajua nitatoka mtupu. Lakini alikuwa anahangaika na fundo, kwa mkono mmoja, mpaka likafunguka. Akanitupia kibwebwe.

"Kata, mwanangu. Nshakupa."

Nikajifunga. Msondo ulishakuwa kuni, wanawake wakanipigia makofi. Mbele ya baba yangu mzazi, jambo asilolifanya binti yeyote, nilisema bismillahi, nikafumba macho, nikakata kiuno kwa hasira yangu yote.

Nilipofumbua, panga lilikuwa sakafuni na baba ameshatoka. Somo alikuwa amempakata mama kichwa. Mama alikuwa analia, kwa mdomo.