Kuku Wanene wa Kasha

Niliondoka Ibanda, mjini, na hasira, nikarudi na hasira zaidi. Wakati ule wa vita, habari ilinifikia kwamba Neema, binti wa dada yangu Mapendo kule Kasha, alijikata mguu kwa jembe bustanini, na wiki tatu zimepita kidonda hakiponi. Mimi ni mtu wa maabara. Nikatia mkobani bandeji, vichupa safi na kopo la tetrasikilini, dawa pekee ya kuua vijidudu tuliyobaki nayo.

Saa mbili asubuhi, kwenye kizuizi cha njia ya Bagira, askari walinipekua wakachukua sabuni yangu. Nilimeza matusi nikaendelea kupanda.

Saa nne nilifika Kasha. Kidonda kilinuka tangu mlangoni. Dada alikuwa amekwisha kummezesha mtoto tetrasikilini siku kumi, na kuumwaga unga wake kidondani. Nilipouliza ameitoa wapi, alinipeleka nyuma ya nyumba. Kuku kumi na wawili, wanene, walikuwa wakinywa maji ya manjano ya dawa ile ile. Samadi yao yote iliingia kwenye matuta ya mboga za lengalenga, pale pale Neema alipojikata.

Nilimfokea dada yangu mbele ya mtoto wake. Akaniacha nimalize.

"Si ni weye ulinipatiaka?" akasema. "Ulisema ile makopo iko expiré, siku yake ilipita, tunyweshe kuku, tusitupe."

Ilikuwa kweli. Miaka miwili nilimpelekea, nikijiona mwerevu.

Mchana nilichota udongo vichupani, tukamteremsha Neema kwa machela. Jirani aliyeshika mbele akageuka. "Papa, na dawa ya kuku yangu utaleta lini?"



Ibanda, maabarani, niliotesha vijidudu vya usaha wa Neema na vya udongo wa aina mbili kwenye visahani, tone la tetrasikilini katikati. Vijidudu vya udongo wa mlimani, usiojua samadi, vingi vilikufa mbele ya tetrasikilini. Vya tuta la dada yangu viliota hadi ukingoni mwa dawa, sawa na vya kidondani. Vilizoea dawa tumboni mwa kuku, na vijidudu hupeana ujuzi huo hata humo udongoni. Nilisoma haya shuleni, nikafaulu mtihani.

Neema alipona kwa sindano za dawa nyingine iliyotufikia baadaye, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa. Najichukia kwa hilo.

Makopo yaliyobaki nimeyachoma. Matuta ya Kasha siwezi kuyachoma.