Nilivyogeuzwa Mtu wa Viwanja

Kosa lilitangazwa kwa kipaza sauti, kwa hiyo hakuna aliyelikosa.

Ilikuwa sherehe ya kipaimara ya mpwa wangu, nyumbani kwa dada, Arlington, Texas. Pilau ilikuwa imeshaliwa, Wakenya walikuwa wameshauliza nyama choma iko wapi, na dada alikuwa ameshika kipaza sauti kwa namna ya mtu ambaye hana mpango wa kukirudisha. Alimshukuru padri, akawashukuru wapishi, akamshukuru mumewe kwa kukodi viti. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Na huyu mdogo wangu," akasema, "ambaye wengi mnamjua kwa sambusa tu, sasa yuko chuo kikuu, pale Richardson. Jamani, anasomea ardhi!"

Vigelegele vikapigwa. Mtu akanipa mkono huku ameshika mfupa wa kuku.

Mimi nilikuwa bado sijaamua kusomea chochote. Nilikuwa nimetoka chuo cha miaka miwili na kuingia hicho kikubwa, na mshauri wangu wa masomo alinipa hadi mwisho wa muhula nichague moja kati ya tatu: jiolojia, jiofizikia, au sayansi ya dunia. Hiyo ya tatu ndiyo dada, nesi asiye na muda wa kamusi, aliyoitafsiri kama ilivyomjia. Dunia ni ardhi, ardhi ni dunia, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba kwa Mtanzania anayeishi ughaibuni, ardhi haina miamba wala volkano. Ardhi ni kiwanja. Ni hati, ni mipaka, ni shangazi uliyemtumia hela ya ukuta na ukuta haujaonekana.

Sahani hazijakusanywa, mzee mmoja wa Grand Prairie akakisogeza kiti chake karibu na changu. Tulimwita Mzee, kwa mvi zake na kwa gari lake linalotambaa barabarani.

"Mwanangu, hongera sana. Sasa, mimi nina kiwanja changu Kibaha."

"Mzee, mimi..."

"Kuna mtu kapiga msingi."

"Pole sana. Lakini mimi nasomea mawe."

Akafikiri kidogo. "Ya msingi?"

Wiki hiyo simu yangu haikupumzika. Mama mmoja wa Fort Worth alitaka nimwangalizie hati ya kiwanja chake cha Goba. Kijana ambaye sijawahi kumwona aliuliza kama Kigamboni itapanda bei au asubiri. Jirani yetu Mkenya alinisimamisha karibu na gari kuhusu ploti ya Kitengela. Nikamwambia mimi ni wa Dar, Kitengela naisikia tu. "Lakini soil ni soil, si ndiyo?" akasema, na kusema kweli hapo hakukosea sana.

Nilicheka na wote, lakini moyoni nilikuwa na yangu. Kabla ya Texas nilikuwa Kariakoo, nauza mitumba. Baada ya Kariakoo likaja ghala moja la Grand Prairie, kufunga maboksi mpaka mikono inajifungia yenyewe ukiwa umelala. Somo la mawe nilianza kulichukua kwa sababu lilikuwa somo pekee la sayansi lisilogongana na zamu yangu. Nikalipenda, na sikutarajia. Sasa mwanafunzi wa umri wangu hana nafasi ya kujaribu nguo tatu kwenye kioo. Anachukua moja anaondoka nayo, ikimbana imembana. Nikichagua digrii isiyo na kazi, ghala lipo palepale. Msimamizi wangu alishaniambia mlango uko wazi, kwa sauti ya mtu aliyewaona wengi wakirudi.

Nyumbani kila mtu alikuwa na bidhaa yake ya kuninadia. Dada alitaka sayansi ya dunia, kwa sababu nayo naweza kufundisha, na mwalimu hakosi kazi. Shemeji alitaka jiolojia kwa sababu ya nyumba. Udongo wa upande wetu ni mfinyanzi mweusi, kiangazi unasinyaa mpaka unapasuka, mvua ikinyesha unavimba, na msingi wa nyumba unacheza nao. Kwa hiyo kiangazi chote watu wazima wenye akili zao huzungusha mpira wa maji kwenye kuta wakiimwagilia nyumba. Wageni waliotoka nyumbani juzi humcheka shemeji: "Shem, ikichipua utuite tuchume." Yeye alikuwa ameshahesabu kwamba akipata mwanajiolojia wa ndani, ushauri utakuwa wa bure.

Jiofizikia haikuwa na mnadi. Hata mimi nilikuwa naipita kama unavyopita duka lisilo na bei mlangoni: ukiona hawajaandika, ujue inatisha. Ilikuwa na fizikia, ilikuwa na hesabu za herufi zisizo na namba. Nikazipiga hesabu zangu mara mbili, kama desturi yangu. Mara zote mbili jibu lilikuwa sayansi ya dunia, na mara zote mbili nilihisi kama mtu anayenunua kiatu kwa sababu tu kimeshuka bei.

Ndipo chuo kikatangaza maonyesho ya ajira Houston, ya kampuni zinazotafuta watu wa mambo ya chini ya ardhi. Shemeji akajitolea kunipeleka. Alisema ni kwa ajili ya kunipa moyo, ila nilijua anamfahamu mtu Houston anayechoma mbuzi.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, meza zimepangwa, kila meza na kitambaa, peremende na mtu anayetabasamu. Nilipoingia tu wasiwasi ukanitoka. Hili lilikuwa soko! Na sokoni mimi sihitaji mshauri.

Kanuni ya kwanza ya soko ni kutoonyesha unachokitaka. Ya pili: ukitaka kujua kasoro ya kitenge, muulize anayeuza kitenge cha jirani. Nikamwendea mwanajiolojia mmoja, shingo nyekundu kwa jua, buti za kazi ndani ya ukumbi wenye zulia, nikamuuliza kuhusu jiofizikia. Akafurahi. "Hao wanakaa kwenye kompyuta wakitazama mistari," akasema. "Wakiona kitu wanakuja kutuuliza sisi ni kitu gani." Nikaenda meza ya wanajiofizikia, nikauliza kuhusu jiolojia. "Watu wazuri sana," kijana mmoja akanijibu. "Wanachora kwa penseli za rangi milima ambayo hawajaiona." Wote wawili nikawauliza kuhusu sayansi ya dunia, wakawa wapole ghafla, kama watu wanaoulizwa kuhusu mgonjwa. Kwa kazi za maji na mazingira inafaa, wakasema, na kwa kufundisha inafaa sana. Ila ukija kwenye meza zao utaulizwa digrii ya pili. Na kuhusu mafuta walikubaliana wote bila kupangana: yakipanda bei wanaajiri kwa tarumbeta, yakishuka wanaagana kwa barua pepe.

Kwenye meza ya mwisho alikuwapo mwanamke wa makamo, amevaa shanga za Kimasai juu ya suti. Nikamsalimu kwa Kiingereza, nikauliza swali langu. Akaniangalia, akanijibu kwa Kiswahili.

"Wewe ni wa TZ."

"Umejuaje?"

"Umesema samahani kabla ya kuuliza, halafu ukasema tena ukimaliza."

"Na wewe ni Mkenya."

"Kwa nini?"

"Mpaka sasa hujanisalimia."

Akacheka hadi wa meza ya jirani wakageuka. "Haya, shikamoo!" akasema.

"Usinizeeshe, dada. Habari za kazi?"

"Kazi ni mzuri." Nikaiacha ipite, huwezi kumsahihisha mtu unayemwomba siri za soko. Alikuwa mwanajiofizikia, kampuni yake inatafuta mahali pa kuchimba na mahali pa kutochimba. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini kabla ya shule, nikamwambia mitumba.

"Ya kuchagua ama ya bale?"

"Robota zima, na mikanda yake, kutoka kontena."

"Na mlikuwa mnafungua kwanza muone ndani?"

"Nani akuruhusu? Ukikata mkanda umenunua."

"Sasa mlikuwa mnajua aje kitu kiko ndani?"

Hilo sikuwahi kuulizwa. Nikamweleza. Kwanza unalizunguka. Unabonyeza pembe, kwa sababu wafungaji huweka vizuri katikati na vibaya pembeni, au kinyume chake, kutegemea anayefunga. Halafu unalipiga kwa kiganja na kusikiliza. Jinzi zina sauti nzito inayokufa haraka. Blauzi nyepesi zinarudisha mkono. Kukiwa na viatu katikati, mlio unavunjika. Unapiga huku, unapiga kule, unalinganisha, kisha unaamua.

"Na ukikosa?"

"Unauza makoti ya theluji Dar es Salaam, mwezi wa Januari."

Hakucheka safari hii. Aliweka kalamu mezani.

"Wewe. Unajua kazi yangu ni nini? Hiyo! Tunapiga ardhi, tunasikiliza ile sauti inarudi. Hapa imerudi haraka, pale imevunjika, tunalinganisha. Kuchimba ni pesa mingi, hakuna mtu anataka kukata mkanda bure. Mimi nawaambia wenye pesa: chini hapa kuna jeans. Pale ni makoti ya theluji, wacheni."

Sijui nilisimama pale muda gani nikiwa nimeshika peremende yao bila kuimenya. Nilijiona niko Kariakoo tena, sikio kwenye robota, wateja wangu nyuma wanasubiri nitikise kichwa au nitoe hela. Ile ilikuwa saa niliyoipenda kuliko kuuza kwenyewe. Sikuwa nimejua kuna mahali wanaifundisha.

Lakini mimi si wa kununua kwa sababu muuzaji anaongea vizuri. "Hesabu?" nikauliza.

"Ni mob, ni mingi sana. Siwezi kukudanganya."

"Na ubaya mwingine?"

"Kampuni za kutuajiri si nyingi. Mafuta ikishuka, tunalia. Itabidi ujue kompyuta vizuri, na wengi wanaishia kuongeza masters. Halafu ukienda bila geology ya kutosha, utakuwa unasikia sauti na hujui ni nani anaongea."

Muuzaji anayekuonyesha tundu la kwapani kabla hujaligeuza shati, huyo ndiye wa kununua kwake. Nikamshukuru. Nikamwambia samahani pia, mara mbili, makusudi.

Njiani kurudi Dallas shemeji alinukia moshi wa mbuzi na alikuwa na furaha zake.

"Kwa hiyo, jiolojia?"

"Jiofizikia, shemeji."

Akapunguza mwendo. Malori yalitupita. "Na nyumba yangu?" akauliza hatimaye.

"Naweza kujua kilichoko chini yake bila kuvunja hata tofali."

"Ah!" akasema, na akaongeza mwendo. "Si ungesema tangu mwanzo."

Kwa mshauri wa masomo nilikwenda nimevaa vizuri. Nikamwambia nachukua jiofizikia, akaanza kuandika. Nikamuuliza: na nyongeza? Hakuelewa, na kwa Kiingereza neno hilo sikulipata, ikabidi nimweleze. Ukinunua fungu la nyanya, muuzaji anatupia moja juu. Si kwamba unadai; ni kwamba asipotupia, kesho huji. Akaniambia kwa upole kwamba chuo kikuu hakifanyi hivyo. Nikasema sawa, nikafunga mkoba, nikasimama taratibu. Hiyo mbinu ni ya zamani kuliko Texas.

"Ngoja," akasema.

Akarudi kwenye kompyuta. Zilikuwepo nafasi za masomo ya hiari ambazo wengine huzijaza na muziki au sinema. Akazijaza zangu na jiolojia: miamba, madini, na ile kambi ya kiangazi ya kwenda kutembea juu ya milima. Siku nikitaka leseni ya jimbo ya kufanya kazi hiyo, akasema, hayo yatanisaidia. Nikayahesabu. Nikayahesabu tena, ila mara ya pili nilikuwa nahesabu kwa raha tu.

Jumapili watu wakaja tena kwa dada baada ya misa. Kipaza sauti shemeji alikuwa amekificha, hivyo dada akatangaza kwa sauti yake, ambayo haina tofauti kubwa. "Nilikosea! Si ardhi. Ni jiofizikia!"

Mtu akauliza, "Fizikia ya nini?"

Nikawaeleza kwa robota. Niliona nyuso zikifunguka moja moja. Kina mama waliowahi kugombania blauzi kwenye lundo walikuwa wananiwahi, wananimalizia sentensi. Mpwa wangu akasema kwa Kiingereza kwamba sasa hata yeye ameelewa, na kwamba inachekesha kidogo. Mzee wa Kibaha ndiye pekee aliyebaki kimya, amekunja nne. Nikajua kuna hesabu inapigwa.

"Kwa hiyo mwanangu, unaweza kujua kama chini ya kiwanja changu kuna maji, bila kuchimba?"

"Nikimaliza shule, Mzee, naweza kukwambia pa kujaribu."

"Na yule aliyepiga msingi hatashtuka?"

"Sioni atashtukaje."

Uso wake ukang'aa. "Bei?"

"Kwako Mzee, bei ya ndugu."

"Bei ya ndugu ni bure."

"Bei ya ndugu ni nafuu. Bure ni ya wazazi."

"Mimi si baba yako hapa Texas? Nani aliyekufundisha ku-park?"

Tukavutana hivyo mbele ya watu, kila upande una mashabiki wake, dada anacheka mpaka anajishika mbavu. Mwisho tulikubaliana: nauli yangu kwenda Kibaha, na korosho. Nikampa mkono kabla hajabadili mawazo. Hata kipindi cha kwanza cha jiofizikia nilikuwa sijaingia, na tayari nilikuwa na mteja.

Mzee hakuuachia mkono wangu.

"Na nyongeza?" akasema.