Bundi Aliyepigwa Pasi

Katika chumba cha chini cha hoteli moja kubwa, penye mabomba yanayotoka jasho na feni isiyompoza mtu, kulikuwa na kopo la majani ya chai lililoandikwa kwa wino mzito: VYA WAGENI. Kila kilichopatikana mfukoni mwa nguo kabla ya kufuliwa kiliingia humo. Vifungo, funguo, tiketi za treni, na zaidi ya vyote, pesa za nchi za watu. Kitu kikimaliza miezi mitatu bila mwenyewe kukiulizia, kilikuwa mali ya aliyekiokota. Wafanyakazi wengi hawakuhangaika na sarafu zile, kwa sababu hazikuweza kununua hata kiberiti. Mpiga pasi mmoja alizichukua zote.

Wenzake walimwita Benki Kuu, na yeye aliitika. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia akiwa amesimama mbele ya pasi, na mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu aliyeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mimi nilimjua kwa sababu alinirudishia sarafu. Niliikuta juu ya mashati yangu, ndani ya bahasha ndogo, na karatasi iliyosema: "Hii ilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Kama huihitaji, niambie." Nilimwambia, na tangu siku hiyo, kila nilipopita mji ule, alinisimulia kipande kingine cha mambo yake.

Albamu yake ilikuwa na kurasa za plastiki zenye vifuko. Sarafu zilikaa mbele, noti nyuma. Noti alizozipenda kuliko zote zilikuwa za nchi iliyokwisha kuacha kuzitumia, seti ya noti sita, kila moja na ndege wake: korongo, tai, kanga, hondohondo, mbayuwayu na bundi. Korongo alimkuta katika shati la mgeni aliyeondoka alfajiri bila kuacha anwani. Wanne waliofuata aliwapata mmoja mmoja kwa miaka mingi, kwa kubadilishana na watu na kwa kuuliza uliza. Bundi hakupatikana. Kifuko chake kilibaki kitupu katikati ya ukurasa, na kila alipofungua albamu, jicho lake liliacha ndege watano na kwenda kutua pale pasipo na kitu.

Kisha akanunua simu nzuri, na mpokea wageni wa hoteli akamwonyesha mnada wa mtandaoni.

Mwanzoni alitazama tu. Baadaye akaweka dau dogo kwenye sarafu yenye tundu katikati, akashinda, akatembea siku nzima kama mtu aliyepandishwa cheo. Dau la pili alishindwa. Simu ikatikisika na neno moja likatokea: Umepitwa. Aliniambia kwamba neno hilo lilimuuma kuliko matusi. Mtu asiyemjua, aliyekaa huko asikokujua, amempita, na kitu ambacho dakika moja kabla kilikuwa chake sasa anakiona kikiondoka. Hakufikiri tena kama anakitaka. Alifikiri jinsi ya kukirudisha. Na ule mnada ulikuwa na hila yake: dau likiwekwa mwishoni, saa inaongezwa dakika mbili, kwa hiyo mwisho haukuwa mwisho. Katika miezi minne alinunua vitu kumi na kimoja, na siku moja alipokuwa akibonyeza simu kwa kidole cha kushoto, mkono wa kulia uliiacha pasi juu ya koti jeupe la mgeni. Koti lile alililipa.

Haya yangekuwa mambo yake na mshahara wake, kama si wifi yake.

Wifi, dada wa mumewe, aliuza vitambaa kwenye kibanda karibu na stendi, na alikuwa na ulimi usiojua likizo. Wawili hao walikuwa na mpango wa muda mrefu wa kufungua chumba chao cha kufua na kupiga pasi. Chumba walishakipata. Kilichobaki ni mashine ya pasi ya mvuke, ile ya kulaza nguo na kushusha kifuniko, na walikuwa wakiiwekea akiba kidogo kidogo, nusu kwa nusu. Fedha yote ilikaa kwenye simu ya Benki Kuu, kwa sababu wifi alisema zikikaa kwake zitageuka viatu vya watoto.

Bundi alipotokea mnadani, maelezo yalisema noti ni mpya kabisa, haijawahi kukunjwa. Benki Kuu alipandisha dau, akapitwa, akapandisha, akapitwa. Mshahara wake ulipoisha alihamia kwenye akiba, akijiambia atarudisha mwisho wa mwezi. Alimshinda mwenzake kwa bei ya mshahara wa wiki tano.

Bahasha ilifika baada ya siku kumi na mbili. Aliifungulia kazini, mbele ya wenzake, maana furaha ya namna hiyo haifichiki. Akaitoa noti, na kabla hajaitazama, vidole vyake vilikwisha kujua. Karatasi ilikuwa laini. Haikulia ilipotikiswa. Wino ambao ungepaswa kuinuka chini ya kidole, ulikuwa umelala. Akaipeleka puani, akasikia harufu ya mbali ya wanga, akaiinua kwenye taa, akauona mkunjo wa katikati, umebanwa ukanyooka lakini upo. Noti ilikuwa imefuliwa, ikatiwa wanga, ikapigwa pasi. Na kazi yenyewe, alisema, ilikuwa nzuri tu, angeweza kumwajiri aliyeifanya.

Fundi wa boila aliyekuwa amesimama nyuma yake alicheka hadi akakaa kwenye kapu la mashuka. Akasema nchi nzima hii, wa kuuziwa noti ya pasi ni mpiga pasi. Habari ilipanda ghorofa zote nane kabla ya saa ya chakula. Benki Kuu alicheka nao. Hakuwa na la kufanya. Picha ya noti ile alikuwa ameitazama labda mara mia, lakini kila mara macho yake yalikuwa kwenye dau chini ya picha.

Jioni hiyo alikwenda kibandani kwa wifi na kumwambia kila kitu, hakupunguza. Wifi aliendelea kukunja vitambaa hadi alipomaliza.

"Kwa hiyo umechukua hela yangu, ukaenda kumnunua bundi."

"Ndiyo, wifi."

"Watu wanatoa hela bundi aondoke kwenye paa, wewe unalipa aletwe kwa posta."

Benki Kuu akatoa simu, akaiweka juu ya meza ya vitambaa, akamwambia aichukue, akiba ahamishie kwake, viatu vya watoto vinunuliwe kama ni kununuliwa. Wifi aliitazama simu bila kuigusa.

"Sichukui. Nikichukua, nitakuwa nimejipa kazi ya kukulinda wewe, na mimi tayari nina kazi. Tutafungua duka pamoja, tutashika hela kila siku. Kama huwezi kukaa nazo, niambie leo, nitafute mwenzangu mwingine."

"Naweza."

"Basi rudisha ulichotoa. Zikae hapo hapo."

Alirudisha. Kwa miezi mitatu alichukua zamu za Jumapili, na baada ya zamu akapiga pasi nguo za majirani. Programu ya mnada hakuifuta. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba kuifuta ni dakika moja na kuirudisha ni dakika moja, sasa amefanya nini. Aliiacha pale, na kila ilipomwita aliacha imwite.

Akiba ilitimia wiki ileile dobi mmoja mzee alipotangaza kwamba anafunga kazi na kuuza mashine yake. Dobi alisema atakayefika kwanza na fedha kamili Jumamosi kabla ya saa sita ndiye mwenye mali. Alhamisi, simu ikatikisika. Bundi. Safari hii noti ilipigwa picha pande zote mbili, na nyingine kwa taa ya ubavuni, na Benki Kuu alipoikuza akaona wino umesimama na kona ni kali. Hii haikuwa imeguswa na pasi. Mnada ungefungwa Jumamosi saa nne na nusu asubuhi.

Hakumwambia mtu. Alipanga kwenda kwa dobi saa tano, na asubuhi atazame mnada tu, aone bei inafika wapi. Ijumaa, akiwa katikati ya kunyoosha kola, alijisikia akilisema neno lile, kutazama tu, akalitambua. Ndilo alilolisema mara ya kwanza. Akabadilisha mpango: saa tatu kamili atakuwa mlangoni kwa dobi, na saa nne akiba itakuwa imeshahama.

Saa tatu kamili alikuwa mlangoni. Dobi alifungua saa tatu na nusu, akiwa bado anatafuna, na hakuwa mtu wa haraka. Akasema hapokei senti ya mtu kabla mtu hajaiona mashine ikifanya kazi, asije akaitwa tapeli uzeeni. Mashine ilitaka dakika arobaini kupata moto. Benki Kuu alimwomba apokee tu, dobi akamvutia kiti.

Alikaa. Fedha yote ilikuwa mkononi mwake, na mkono ulikuwa umeshika simu. Saa nne na dakika kumi ikatikisika: mnada unakaribia kufungwa. Alifungua. Bei ilikuwa chini, chini ya alivyodhani. Watu wawili tu walikuwa wakishindana. Alihesabu haraka kwamba angeweza kumchukua bundi na bado akabakiwa na sehemu kubwa ya fedha ya mashine. Labda dobi angekubali kungoja salio. Dobi alionekana mtu wa kungoja.

"Imepata," dobi akasema. Mvuke ulianza kutoka pembeni.

Mashine ile ilikuwa na vibonyezo viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, na kifuniko hakikushuka mpaka vibonyezwe kwa pamoja. Dobi alieleza kwamba ilitengenezwa hivyo ili mkono wa mtu usibaki ndani. Benki Kuu alivitazama vibonyezo vile, akaitazama saa, akaitia simu mfukoni. Akavua kilemba chake, akakilaza, akabonyeza kwa mikono miwili. Kilitoka kimenyooka kama karatasi. Akakigeuza, akarudia. Kisha akapiga pasi kitambaa cha meza. Akashusha pazia la dirishani. Simu ilitikisika pajani, akaomba aproni ya dobi. Ikatikisika tena, akaomba shati.

"Hili nililovaa?" dobi akauliza.

"Nataka kuona inavyofanya kola."

Wifi alipofika na gari la kubebea mzigo, saa tano kasorobo, alimkuta dobi kifua wazi kwenye kiti, dirisha halina pazia, na Benki Kuu, kichwa wazi na jasho likimtiririka, akipiga pasi mfuko wa unga.

"Mmepatwa na nini humu?"

"Ni nzuri," Benki Kuu alisema. "Nimeijaribu."

Akaifuta mikono, akatoa simu, akahamisha fedha yote mbele yao. Dobi akavaa shati lake akisema halijawahi kuwa hivi. Ndipo Benki Kuu alipofungua mnada. Ulikuwa umefungwa dakika tisa nyuma. Alimwonyesha wifi picha ya noti.

"Ameondoka. Kwa bei ndogo, wifi. Ningempata."

Wifi aliisoma bei, akamrudishia simu. "Shika huko, tuinue."

Chumba chao sasa kina mwaka wa pili. Kwenye kaunta kuna kioo, na chini ya kioo, karibu na kitabu cha risiti, amelala bundi wa kwanza, yule laini. Kifuko cha albamu bado kitupu. Mara ya mwisho nilipopeleka mashati, kulikuwa na mteja aliyeinama kuitazama noti ile, akauliza ni ya nini.

"Hiyo ni kazi ya pasi," Benki Kuu alimwambia bila kuinua mikono kwenye vibonyezo. "Ukiweza kuona palipokunjwa, nguo yako naipiga bure."

Mteja aliinama zaidi, hakuona, akalipa.