Kinya Wawili, Mstari Mmoja

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa nimemaliza fomu foo tu, Python, lugha ya kuandikia programu, nimejifunzia kwa simu iliyopasuka kioo, na pale chumbani kwangu Majengo nilijiona injinia kamili. Cheka, hata mimi hucheka hapo.

Kliniki moja ya macho ilinipa faili ya watoto wa kufanyiwa upasuaji, niwatumie wazazi meseji na kuchapa orodha ya kusomwa mlangoni. Madaktari wangekuja siku moja tu. Kila mstari ulikuwa na jina, mtaa, namba ya simu, kisha umri. Nikaikata mistari penye koma kwa split(","), nikaondoa nafasi kwa strip(), nikabakisha vipande vitatu vya kwanza na kuviunga tena. Umri wa nini? Hapo nikaona Kinya M'Rimberia wa Kinoru yuko mara mbili, simu ileile. Nikasema karani alisinzia. Nikapitisha orodha kwenye set(), isiyoweka kitu kilekile mara mbili, marudio yakatoweka, nami nikafurahi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Baada ya upasuaji karani akaniambia kuna nyanya ananitafuta, anauza kabichi sokoni Gakoromone. Nikaenda nikitabasamu, nikidhani ni shukrani.

"Ni wewe wa kompyuta?"

"Ni mimi, nyanya."

"Kinya ni mimi. Vijana wangu wawili kila mmoja alipata msichana, akampa jina langu. Kwani kwenu watoto huitwa nani?"

Mimi mwenyewe nina jina la babu, na binamu zangu watatu wanalo.

"Simu ni yangu. Nilipeleka wote. Mlangoni wakasoma Kinya mmoja, wakasema mwingine arudi." Akang'oa jani bovu la kabichi. "Na aliyechagua nani aingie ni mimi, kijana. Wewe ulikuwa umekaa."

Madaktari waliporudi, jicho la yule mdogo aliyerudishwa lilikuwa limeshazimika. Siku hizi ukimwita kutoka upande ule, hugeuza kichwa chote.

Majuto ni mjukuu, na wangu ana jina. Basi, mwanangu, kabla hujafuta mistari inayofanana, ichapishe yote, mizima, uisome kwa macho yako. Faili ya kwanza usiiguse. Ukishuku, piga simu uulize. Kompyuta haijui tunavyopeana majina huku kwetu, wewe unajua.

Ota ndoto zako, ziwe kubwa. Mungu akupe macho ya kuona watu ndani ya mistari, na mkono mzito wa kufuta. Na mlango wowote utakaoujenga, asirudishwe mtoto.