Vipande Vinane vya Ugonjwa

Kwenye duka la dawa mjini Bariadi, muuzaji alimtajia mama mmoja wa Ngulyati ugonjwa wa figo wa mumewe, ambaye muuzaji hajawahi hata kumwona: glomerulonefritisi.

"Rudia polepole, baba."

Akakata: glo-me-ru-lo-ne-fri-ti-si. Mama akakunja kidole kwa kila kipande, kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Vinane.

"Rudia tena."

Safari hii mama alivikunjua vidole kimoja kimoja. Muuzaji alipomaliza, kidole kimoja kilikuwa bado kimekunjwa. Mama akakitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ugonjwa umepungua kabla ya dawa," akasema. "Basi dawa yako iweke. Nampeleka hospitali."

Nami, niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, wiki iliyopita nilipewa jina refu la ugonjwa dukani hapo. Nikamwomba muuzaji anitamkie tena la kwangu. Akaanza kutafuta miwani.