Kimeng'enya Kilichopanda Katika Damu ya Fazila

Fazila alikuwa mshonaji wa maturubai pale Malaba, mpakani, kwenye kibanda kilichotazama foleni ya malori. Mumewe, Osman, alikuwa dereva wa masafa ya Juba, na akishapita mpaka wa Nimule simu yake ilikaa siku nyingi bila kupatikana.

Alipata mimba akiwa na miaka thelathini na tisa, majirani wakiwa wamekwisha kuchoka kumuuliza atazaa lini. Mama yake hakuwa hai. Dada yake wa pekee, Najma, alikuwa amefia Busia akiwa na mimba ya miezi minane, macho yamegeuka manjano. Madaktari walisema ni ini. Ndiyo maana Fazila alipoingia mwezi wa nane hakungoja augue. Alikwenda kwenye maabara ya mtaani, akaomba mwenyewe apimwe ini.

Mpimaji alimwonyesha mstari mmoja kwenye majibu. Kimeng'enya kilichoandikwa hapo, alisema, kimepanda karibu mara mbili ya kawaida, kwa hiyo aende kwa daktari. Hakueleza zaidi, maana nyuma yake palikuwa na wengine wakisubiri.

Ilikuwa Ijumaa jioni, na kliniki ya wajawazito ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Fazila alimpigia Osman, hakupatikana. Aliendelea kushona. Kila lori liliposimama mbele ya kibanda, alijisogeza kwenye kioo chake cha pembeni akayatazama macho yake. Jumapili alizipanga nguo za mtoto kwenye mkoba, na juu yake akaweka namba ya simu ya mama mkwe wake aliyekuwa Mumias, ili atakayeufungua ajue pa kumpeleka mtoto. Alitamani kumwambia mtu. Waliokuja kibandani wote walikuwa wapita njia.

Jumatatu alimkuta Edith, daktari wa kliniki hiyo. Edith alimpima presha, akamkagua macho, akamuuliza kama anawashwa mwili au mkojo umekuwa mweusi. Hakuwa na lolote kati ya hayo. Kisha Edith akayasoma majibu yote, si ule mstari mmoja tu.

"Ini ikiumia, hizi mbili ndizo zinapanda," alisema, akigusa mistari mingine miwili. "Zako ziko chini kidogo hata. Hii moja haitoki kwa ini."

"Sasa inatoka wapi?"

"Kwa kondo la nyuma, mama. Ile inalisha mtoto. Miezi ya mwisho inatengeneza hii kitu, inaingia kwa damu yako. Wamekulinganisha na kipimo cha mtu hana mimba, lazima ionekane juu."

Fazila akamsimulia habari za Najma. Edith alisikiliza mpaka mwisho, akasema ule ulikuwa ugonjwa, na hili lake si ugonjwa. Lakini akianza kuwashwa, au macho yakibadilika, aje siku hiyohiyo. Alimwambia pia kwamba baada ya kujifungua kiwango kitashuka chenyewe, wiki baada ya wiki.

Fazila hakuinuka mara moja. Tangu Osman aondoke, hakuna aliyewahi kuzungumza naye kwa muda mrefu hivyo.

Alijifungua mtoto wa kike, salama, Osman akiwa bado Juba. Baada ya wiki sita alirudi kliniki akapimwa tena. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kumwambia Edith, lakini Edith alikuwa amehamishiwa Amukura. Nesi mgeni aliyatupia majibu jicho.

"Imeshuka, mama. Iko sawa."

Akamwita anayefuata. Fazila alisimama kidogo kwenye veranda, mtoto kifuani, habari njema mdomoni na hana wa kumpa.

Wiki hiyo Osman alifika na mzigo wa kurudi tena Juba. Alimpakata binti yake ndani ya lori, akamgusa vidole kimoja kimoja. Foleni ilisogea kabla Fazila hajamweleza habari ya majibu, na Osman akamrudisha mtoto kwa mama yake kupitia dirishani. Fazila alisimama kando ya barabara mpaka lori likavuka.