Kifaru Chenye Mzinga Ubavuni

Mwanangu ana ugonjwa wa vifaru, vile vya vita, vya chuma. Yeye na wenzake watano, wanaume wazima wenye wake na kodi ya nyumba, hukutana kila Jumapili baada ya ibada kwenye gereji moja Nakuru kuunda mifano ya vifaru vya zamani kwa mbao na mabomba, mikubwa kama ndama aliyelala. Juzi walikuwa wanabishana waunde kipi sasa. Picha zilikuwa zinaruka kwenye simu, huyu anataka cha Mrusi, yule cha Mwingereza. Nilikuwa napika. Akaniletea picha moja huku akicheka, akasema, "Mathe, cheki hii. Nani alikubali kitu kama hii itoke kiwandani?"

Kilikuwa kifaru kirefu cha kwenda juu, kibaya kweli, chenye mzinga mdogo kichwani na mzinga mkubwa uliochomoza ubavuni, kama mtu aliyesahau pa kuuweka. Nikazima jiko, nikaketi. Nilimwambia ninakijua kifaru hicho tangu nikiwa darasa la saba. Hakuniamini, na sikumlaumu. Basi acha nikusimulie wewe, maana yeye alisharudi kwenye simu yake.

Nilikulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa majani chai, upande wa Kericho unaoshuka kwenda Kapsoit. Wewe kama ulikulia huko unajua. Asubuhi umande unakulowesha hadi kiunoni, saa nane mchana mvua inapiga mabati mpaka mnaongea kwa ishara, na harufu ya kiwanda, ile ya majani yanayonyauka, inaingia hadi kwenye blanketi. Mama alikuwa mchumaji. Jumamosi asubuhi nilienda naye, nikafungwa karatasi ya nailoni kiunoni, nikachuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Alasiri nilikuwa huru, na alasiri ya Jumamosi ilikuwa ya karakana.

Karakana ilikuwa chumba cha mwisho cha shule yetu, na mwenyewe alikuwa mwalimu wa sanaa na ufundi. Alikuwa mwalimu mzuri, nisimsingizie. Wakati walimu wengine walitufundisha kusuka vikapu vya mtihani tu, yeye alituundisha meli, treni, na darasa la nne waliunda ndege iliyoning'inia darini miaka miwili. Mbao zetu zilitoka kwenye masanduku ya chai yaliyovunjika, yale ya plaiwudi yenye karatasi ya fedha ndani. Ukilikwangua sanduku lile unasikia harufu ya chai kavu, na mikono inabaki inang'aa hadi usiku. Hakikuwa kikundi cha watoto peke yao. Seremala wa kiwanda alikuja na randa yake, karani wa mizani alikuja, na jirani yetu mzee alikuja, akaketi kwenye benchi kando ya dirisha.

Huyo mzee tulimwita kugo, yaani babu kwa Kikipsigis. Sisi wenyewe tulitoka upande wa Kisii, lakini kambini babu ni babu. Alikuwa ameacha kazi ya kupogoa michai, akawa anaishi na binti yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikipita na mtungi alinimiminia mursik kwenye kikombe cha bati, maziwa yale yaliyolala kibuyuni na makaa, na kunitazama nikikunja uso. Alisema mtu asiyejua kunywa kitu kichungu hajui kuishi. Tulicheka tu.

Kugo alisema alipigana Burma, Bama kwa ulimi wake, vita vya Wazungu, na hakuna aliyemwamini. Hakuwa na nishani wala karatasi. Alisema vyote vilizama mtoni. Vijana wa kambi walimuuliza kwa dhihaka Bama ni mbele ya Kisumu au nyuma, na yeye aliwajibu taratibu kana kwamba wameuliza kwa heshima. Mimi nilimwamini kwa sababu hakuwahi kujisifu. Hadithi yake ilikuwa moja, na ndani yake shujaa hakuwa yeye.

Alikwenda vitani na kijana wa rika lake kutoka Kiptere, aliyetahiriwa pamoja naye. Siku moja kwenye matope, kifaru cha jeshi lao, ndicho hicho cha picha, kilikwama njiani. Yule rafiki akajibanza kando yake, chini ya ule mzinga wa ubavuni, akidhani amepata ukuta. Risasi ilitoka upande ambao hakuna aliyeutazama. Walimzika hapohapo na mvua ikasawazisha kila kitu. Mama yake alikufa akiuliza mwanawe alianguka wapi. Dada yake alikuwa bado hai, ajuza wa Kiptere, naye alikuwa akiuliza vilevile kila kugo alipokwenda kumwamkia, na kugo hakuwa na cha kumwonyesha. Angemwonyesha nini? Maneno alishampa miaka arobaini na kitu.

Basi mwalimu alipotangaza kwamba mwaka huo tungeunda kifaru, kikubwa cha mtoto kuingia ndani, kiwekwe uwanjani Siku ya Wazazi, kugo alisimama kutoka kwenye benchi lake. Sikuwahi kumwona akisimama haraka vile. Aliomba tuunde kile chake. Alisema atamleta dada wa marehemu kutoka Kiptere, amshike mkono, ampeleke mpaka pale ubavuni amwambie hapa ndipo alikuwa, ili ajuza naye apumzike.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za mabishano. Mwalimu alikuwa na kitabu kikubwa alichoazimwa na meneja wa shamba, naye alikipenda kifaru cha Mjerumani, kile walichokiita Taiga. Kusema kweli kilipendeza. Kilikuwa kipana, mzinga mrefu, uso kama ukuta wa benki. Seremala alikataa. Taiga ilikuwa na magurudumu yaliyolaliana, safu juu ya safu, na yeye ndiye angeyakata kwenye magogo ya mkaratusi. Alisema, "Mwalimu, hiyo magurudumu itanimaliza." Yeye alitaka kile cha kwanza kabisa, cha vita vya kwanza, ambacho ni kama sanduku lililosukumwa upande, mbao moja kwa moja, misumari, kwisha. Karani alitaka cha Mrusi kwa sababu ya mabamba yake yaliyolala, akatuchorea kwa chaki jinsi risasi inavyoteleza. Tulijifunza majina mengi ya vifaru kuliko majina ya mito ya Kenya.

Cha kugo hakikuwamo kwenye kitabu. Mwalimu alipekua kurasa zote mbele yetu, akamuuliza ana hakika mzinga ulikuwa ubavuni. Kugo akasema ana hakika. Mwalimu akatabasamu, tabasamu lile la kumsaidia mtu mzima asiaibike, akasema hakuna jeshi lingeunda kitu kama hicho. Kugo akachukua chaki kwa karani. Alichora ubaoni kifaru chote, hatua kwa hatua, misumari yake, mlango wake, mahali tope lilipofika. Walio wengi waligeukia upande wake siku hiyo, hata seremala, aliyehesabu magurudumu ya kugo akayaona ni machache.

Mwalimu aliona mambo yanaenda kombo, akasema tupige kura. Na tungepigaje? Kwa mlolongo, bila shaka. Miaka michache nyuma tuliwaona wazazi wetu wakipanga foleni uwanjani nyuma ya picha za wagombea, na tuliwasikia jioni wakinong'ona kuhusu foleni fupi iliyoshinda foleni ndefu. Kwetu sisi watoto hiyo ndiyo ilikuwa kura. Kiranja alishika picha ya Taiga kutoka kitabuni. Kugo hakuwa na picha, akasimama mwenyewe, akavua kofia. Watu wakajipanga nyuma yao nje ya karakana, na mimi nikateuliwa kuhesabu kwa sababu nilikuwa wa kwanza kwa hesabu darasani. Nilijivuna, Mungu anisamehe.

Nyuma ya picha walikuwa kumi na mmoja. Nyuma ya kugo walikuwa kumi na sita. Hata kipofu angepapasa akajua. Nikaandika kwenye karatasi, nikampa mwalimu. Akaisoma, akanirudishia.

"Hesabu tena," akasema.

Nikarudi. Nikawagusa mmoja mmoja begani. Kumi na mmoja, kumi na sita. Mwalimu hakuitazama hata karatasi mara ya pili. Alinitazama mimi, akaniambia polepole kwamba mtoto mwerevu hahitaji kuambiwa mara tatu, na kwamba yeye ndiye atakayependekeza jina langu kwa nafasi ya shule ya bweni mwaka unaofuata. Hakupandisha sauti. Wala hakunishika sikio, na natamani angenishika, ningekuwa na cha kujitetea. Nilichukua kalamu, nikaandika kumi na sita chini ya Taiga na kumi na mmoja chini ya kugo.

Akasoma kwa sauti. Hakuna aliyepinga. Fikiria, watu kumi na sita wamesimama mstari mmoja, wanaambiwa wao ni kumi na mmoja, na wanatazama viatu vyao. Seremala alikohoa. Kugo aligeuka akautazama mstari wake kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka, kisha akanitazama mimi niliyekuwa na kalamu. Akavaa kofia.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Miaka mingi baadaye seremala aliniambia kwamba mwalimu alikuwa ameshamwahidi meneja Taiga, na meneja alishawaalika wageni wake waje kuiona. Mbao, rangi na misumari vilikuwa vimetoka stoo kwa ahadi hiyo. Kwa nini basi asituambie? Angesema tu, watoto, mwenye mbao kachagua. Tungelalamika siku mbili tukaendelea. Lakini alitaka tuonekane tumechagua wenyewe, na mimi nilimsaidia.

Tukaiunda Taiga. Ilikuwa nzuri, ndilo linaloniudhi. Magurudumu ya mkaratusi yalilaliana sawasawa, minyororo tulikata kwenye mkanda mkuukuu wa mashine ya kiwanda, mzinga ulikuwa bomba la maji. Kugo hakuja tena karakana. Mursik aliendelea kunimiminia kila nikipita, na mimi nilianza kupita njia ya nyuma.

Siku ya Wazazi ilikuwa na jua, ajabu kwa Kericho. Wageni wa meneja walipiga picha, kwaya ikaimba, mama alikaa na wenzake akiwa na kitambaa kipya. Halafu nikamwona kugo akiingia getini na ajuza mmoja mwembamba, amejifunga leso mbili, viatu vyake ameshika mkononi. Kugo alikuwa amesahau kumzuia asije, au alishindwa. Dada wa marehemu alikuwa ameahidiwa, amesafiri kutoka Kiptere tangu alfajiri, na mzee wa umri ule unamrudishaje barabarani umwambie hakuna?

Nilikuwa nimesimama kando ya Taiga na fimbo ya kuelekezea wageni. Ajuza alikuja moja kwa moja. Akaweka kiganja kwenye mbao tuliyopaka rangi ya majivu, akakipitisha pole pole mpaka kwenye minyororo, machozi yakimtoka bila sauti. Akamuuliza kugo kwa Kikipsigis, na nilikuwa nimekaa na Wakipsigis vya kutosha kuelewa. Alisimama wapi?

Kugo akautazama ubavu wa Taiga. Haukuwa na kitu. Ulikuwa mtupu, umenyooka, kifaru cha adui ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake. Mzee huyu alikuwa amechekwa na kambi nzima, ameitwa mwongo miaka na miaka, na hakuwahi kuongeza chumvi hata punje moja ili aaminiwe. Aliniangalia, mara moja tu. Kisha akainama, akaweka kidole kwenye mbao karibu na gurudumu la tatu.

"Hapa," akasema.

Ajuza akalaza shavu lake pale. Meneja akawaita wageni waone, kamera zikalia.

Kugo hakuisimulia tena hadithi ile. Vijana wa kambi walipomchokoza kuhusu Bama, alisema hakumbuki, na baadaye wakaacha kuuliza. Mimi nilipata bweni. Nilipokuwa kidato cha pili mama aliandika barua kwamba wamemzika kugo, na kwamba pale kaburini hakuna aliyetaja vita. Mwalimu alihamishwa, Taiga ikawekwa nje ya stoo, mvua za saa nane zikaitafuna hadi mchwa wakamaliza. Siku hizi chai husafirishwa kwa magunia ya karatasi, nusu ya majani huchumwa na mashine, na nyumba za kambi yetu zimefungwa mbao madirishani. Ukipita hutasikia mtoto wala kuku.

Ajuza wa Kiptere aliishi miaka mingine minane. Niliambiwa alikuwa na amani. Alimsimulia kila mgeni kifaru alichokigusa kwa mkono wake, magurudumu yake yaliyolaliana, na mahali penyewe ndugu yake alipoanguka, karibu na la tatu. Alikuwa na hakika. Nilipata nafasi ya kwenda kumwamkia kogo huyo, yaani bibi kwa Kikipsigis, mara mbili nikiwa likizo, na mara zote mbili nilikunywa chai yake, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikasema ndiyo, kogo, mimi pia nilikuwepo.